Eternal-September, seva ya bure ya Usenet: kwa bando la huku Mtwara inatosha kabisa

Nianze na jibu, asiye na muda aende zake. Kama unataka kuingia kwenye magrupu ya Usenet (mtandao wa zamani wa mazungumzo ya maandishi, kila mada na grupu lake) na uko huku kwetu kusini, fungua akaunti Eternal-September, ni bure, iko Ujerumani, inabeba maandishi tu, na hilo la maandishi tu ambalo wengi wanaliona kasoro ndo sababu yenyewe ya mimi kuipa nyota nne na nusu. Hiyo nusu iliyobaki nitaisema.

Kwa wageni: Usenet ni ya zamani kuliko hii www, iliwazwa 1979 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, na mpaka leo haina mwenyewe. Zipo seva nyingi zinapeana posti, unaandika kwenye ya kwako, inampa jirani, jirani naye anampa mwingine mpaka inazunguka dunia. Linus Torvalds alitangazia Linux, mfumo wake wa kuendeshea kompyuta, humo Agosti 1991, kwenye comp.os.minix. Watu wengi walikuwa wanapitia Google Groups, ule mlango ulifungwa 22 Februari 2024, mambo ya kale unaweza kuyasoma ila kuposti kipya hakuna, kwa hiyo sasa lazima uwe na seva na programu yako. Nami sijaulilia, maana uchafu mwingi wa matangazo ulikuwa unaingilia hapohapo.

Programu natumia Thunderbird, ile ya imeili inayosoma na Usenet, kwenye laptopu, data natoa kwenye simu kwa hotspoti (Thunderbird ya simu haina Usenet, usijisumbue). Unaongeza akaunti ya newsgroup, seva unaandika news.eternal-september.org, poti 563, unawasha ulinzi wa SSL/TLS, unaoficha unachotuma njiani. Ile poti 119 ya zamani ipo, lakini bila ulinzi paswedi inapita wazi, na mtu anayetumia wifi ya gesti mi simshauri. Halafu weka tiki pale pa kudai jina na paswedi kila mara, maana bila kujitambulisha huposti. Imeili usiweke ya kwako ya kweli, wakusanya anwani wamejaa, weka inayoishia na .invalid, mwisho huo umetengwa rasmi usiwe wa mtu yeyote.

Sasa hapa ndo utamu. Ukifungua grupu kwa mara ya kwanza Thunderbird haikuvamii, inakuuliza: kuna vichwa vya posti zaidi ya 500, nikuletee vyote au kiasi gani? Unaandika 100, basi, vinashuka vichwa tu, jina la mwandishi, mada na tarehe, mwili wa posti hauji mpaka uuguse. Na posti yenyewe ni KB chache, picha moja ya harusi aliyokutumia shangazi WhatsApp inaila bando kuliko jioni nzima ya kusoma comp.lang.c, grupu la lugha ya programu ya C. Mi navuta posti usiku kwenye kifurushi cha bei chee, naweka hali ya nje ya mtandao, umeme ukikata (gesi inatoka Msimbati hapo lakini tuyaache) nasoma kwa betri ya laptopu na kuandika majibu, yanasubiri mpaka mtandao urudi. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya nchi ikawa ya kubahatisha, video ilikuwa ndoto, ila vitu vya maandishi vilikuwa vinapenya penya.

Jamaa yangu fundi wa Lindi anashinda sci.electronics.repair. Hawezi kubandika picha ya bodi iliyoungua, basi anaeleza kwa maneno: imenuka nini, volti ngapi kabla ya fyuzi, ngapi baada, inalia au kimya. Nadhani ndo maana anajibiwa vizuri, ukishapima na kueleza hivyo nusu ya ugonjwa umeshaujua.

Utajuaje seva ni ya kuaminika, hata kama si hii? Tuma posti alt.test, grupu la majaribio, usiende kujaribia mitambo kwenye mazungumzo ya watu. Kisha fungua posti ya mtu mwingine uangalie heda zake zote (yale maelezo ya juu ya posti), kuna mstari umeandikwa Path, majina ya seva ilizopita yametenganishwa na alama ya mshangao. Seva yenye majirani wachache utaijua tu, unakuta majibu ya swali ambalo swali lenyewe hulioni. Eternal-September hilo sijaliona kwenye magrupu ninayosoma.

Za kulipia? Giganews, Newshosting, Eweka na wenzao wanajisifia kutunza posti zaidi ya siku 5,000, lakini sehemu kubwa ya unachokilipia ni mafaili makubwa, na mengi humo ni filamu za wizi, wewe msomaji wa maandishi yanakuhusu nini? Ukilazimika, nunua bloku, unalipia GB kadhaa unazitumia taratibu mpaka ziishe, kama Luku. Kuna individual.net nayo ya Ujerumani, maandishi tu, euro 10 kwa mwaka, nzuri ukiwa na kadi inayokubali malipo ya nje.

Ile nusu nyota: hii ni huduma ya kujitolea, ikigoma usiku hakuna namba ya kupiga, unasubiri. Ndo maana ni vizuri kuwa na seva ya pili ya akiba, Thunderbird inabeba zote mbili. Na Kiswahili humo hakuna kitu, hata soc.culture.african ni Kiingereza, hilo si kosa la seva ila mjue kabla.

Ukianza, zima HTML (maandishi ya rangi na mapambo) kwenye mipangilio ya kuandika, jibu chini ya maneno uliyonukuu na ukate yasiyohusika. Wazee wa mle ukijibia juu watakusema siku hiyohiyo.