TAHADHARI: Muuzaji wa "ginkgo ya kurudisha kumbukumbu" anayewaambia wazee waache dawa za moyo

Wadau, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook akiuza vidonge na unga wa ginkgo, mti wenye asili ya China. Anadai vinarudisha kumbukumbu na "kuzibua mishipa ya ubongo". Simtaji jina kwa sababu jina lenyewe halidumu: akifungiwa ukurasa mmoja, kesho yake ameibuka na mwingine. Naeleza mwenendo wake, maana huo habadilishi.

Anaanza na jaribio la bure la maswali kumi. Umewahi kuingia chumbani ukasahau ulichofuata? Umewahi kupotewa na jina la mtu unayemfahamu vizuri? (Nani hajawahi?) Ukijibu ndiyo mara tatu tu, unaambiwa ubongo wako umeanza kusinyaa na imebaki miezi michache ya kuuokoa. Kisha inakuja sauti iliyorekodiwa ya mtu anayejiita daktari. Hakuulizi umri, hakuulizi unaumwa nini, hakuulizi unatumia dawa gani. Ukimuuliza wewe kuhusu madhara, jibu ni moja: haya ni majani tu.

Mama yangu mkubwa alinaswa hapo. Moyo wake hudunda bila mpangilio, kwa hiyo anatumia warfarini, dawa inayozuia damu kuganda, ili bonge la damu lisitoke moyoni likaenda kuziba mshipa wa ubongo. "Daktari" wa sauti akamwambia dawa za hospitali zinapigana na mmea, aziweke pembeni hadi amalize kopo la pili. Na asiwaambie watu wa kliniki, eti hawapendi wagonjwa wapone. Mama mkubwa akatii. Siku ya kliniki kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani na ambacho kwa mgonjwa wa aina yake hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3, kilikuwa kimeshuka chini ya 2. Muuguzi akamhoji taratibu mpaka akasema. Kiharusi hakikumpata, tunashukuru. Lakini angalieni biashara yenyewe: kauziwa kinga ya ubongo, akavuliwa kinga ya ubongo aliyokuwa nayo.

Baada ya hapo nikaomba nione kipeperushi chake, na hapo ndipo hasira zilipanda. Kimeandikwa kwa herufi nene: "Imethibitishwa na utafiti wa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000." Huo utafiti upo. Unaitwa GEM, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008 katika jarida la kitabibu la JAMA. Ulihusisha watu 3,069 wenye miaka 75 na zaidi. Karibu nusu yao walipewa miligramu 120 za ginkgo mara mbili kwa siku, wengine wakapewa vidonge vinavyofanana navyo visivyo na dawa ndani, na wote wakafuatiliwa kwa miaka sita hivi. Waliopata demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, katika kundi la ginkgo walikuwa 277. Katika kundi la vidonge vitupu walikuwa 246. Tofauti hiyo haitoshi kusema ginkgo ndiyo iliyowaletea ugonjwa, lakini inatosha kabisa kusema haikuwakinga. Mwaka uliofuata watafiti haohao wakatoa ripoti ya pili kuhusu kasi ya kupungua kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Ginkgo haikuipunguza.

Ufaransa nao walifanya utafiti wao, GuidAge, kwa watu zaidi ya 2,800 wenye miaka 70 na kuendelea waliokuwa wamelalamika kuhusu kusahau. Walifuatiliwa miaka mitano, na majibu yalipotoka mwaka 2012 yalikuwa yaleyale: haikuzuia ugonjwa wa Alzheimer, aina ya demensia inayowapata watu wengi zaidi. Sasa muuzaji wetu kachukua idadi ya washiriki, kaacha jibu. Mtu aliyeweza kuipata ile namba 3,000 alipita palepale palipoandikwa kwamba dawa haikufanya kazi.

Niseme na upande wa pili, kwa sababu kuna watakaoniuliza. Si kila ginkgo ni utapeli. Ulaya kuna dondoo kavu la majani yake, yaani kiini kilichokamuliwa na kukaushwa, linalotambuliwa kama dawa, na tangu 2015 kamati ya dawa za mitishamba ya Shirika la Dawa la Ulaya imekubali litumike kwa watu wazima wenye upungufu wa kumbukumbu unaotokana na uzee na wenye demensia ya kiwango kidogo. Dozi yake ni miligramu 240 kwa siku, na mtu hatarajii mabadiliko kabla ya wiki nane. Kinachozungumzwa hapo ni nafuu ndogo ya dalili. Hakuna anayezungumzia kurudisha kumbukumbu iliyopotea, wala kuzibua mishipa.

Zaidi ya hayo, dondoo hilo na kilichomo kwenye kopo la huyu bwana ni vitu viwili tofauti. Dondoo lililofanyiwa tafiti husawazishwa liwe na takriban asilimia 24 za flavonoidi na asilimia 6 za terpini, ambazo ni kemikali za mmea wenyewe, na asidi za ginkgo, ambazo ni sumu na huchochea mzio, huchujwa zibaki chini ya sehemu 5 kwa milioni. Kwenye kopo lake hakuna asilimia yoyote, hakuna namba ya toleo, hakuna jina la kiwanda. Kuna picha ya jani na maneno "asilia 100%, majani na mbegu". Mbegu! Mbegu mbichi za ginkgo zina ginkgotoksini, kemikali inayoingilia kazi ya vitamini B6 mwilini, na akizila mtu nyingi zinaweza kumletea kutapika na degedege, hasa mtoto. Yeye kaziweka kwenye lebo kama sifa.

Na hata lebo yenye asilimia nzuri si ya kuaminiwa ikitoka kwa mtu asiyejulikana. Ginkgo ni miongoni mwa mimea inayochakachuliwa sana duniani. Wajanja huongeza rutini au kwasetini, ambazo nazo ni flavonoidi, za bei nafuu kutoka mimea mingine ili kipimo kisome 24. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya China ilibaini watengenezaji waliokuwa wakitumia asidi ya haidrokloriki badala ya ethanoli kukamua majani ili kupunguza gharama, na bidhaa zikaondolewa sokoni.

Kuhusu usalama, watu wa kuwa waangalifu zaidi ni hawa. Anayetumia warfarini, aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu ginkgo inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Anayesubiri upasuaji au kung'olewa jino, kwa sababu hiyohiyo. Amwambie daktari mapema. Mwenye kifafa. Mjamzito na anayenyonyesha. Kwa mtu mzima asiye na hayo, dondoo halisi mara nyingi huleta kichwa kuuma, tumbo kuvurugika au kizunguzungu, basi.

Kuna kitu kingine anakiita "kifurushi cha dhahabu". Humo ameongeza huperzini A, inayotoka kwenye mmea mdogo wa Kichina, na vinposetini, inayotengenezwa maabara kutokana na kemikali ya mmea. Hii haina lolote la "majani tu". Huperzini hufanya kazi kama donepezili, dawa ya hospitali ya Alzheimer, kwa hiyo mgonjwa anayetumia zote mbili anaweza kupata kichefuchefu kikali na mapigo ya moyo kushuka. Vinposetini huuzwa kwa cheti cha daktari katika baadhi ya nchi, na mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba inaweza kusababisha mimba kuharibika au kumdhuru mtoto tumboni. Mwaka huohuo FDA iliandikia kampuni 17 zilizokuwa zikitangaza bidhaa zao, nyingi zikiwa virutubisho, kwamba zinatibu Alzheimer. Kwa hiyo mbinu si mpya, na hata kwenye masoko yenye sheria kali inapita.

Kama mzazi au ndugu yako tayari ameshanunua, cha kwanza muulize kwa upole kama ameacha dawa yoyote. Ukimgombeza ataficha. Kama ameacha warfarini, asifidie dozi alizoruka kwa kumeza nyingi mara moja. Aende kliniki apimwe kwanza, na aende na kopo. Akiona damu kwenye mkojo, choo cheusi, michubuko isiyo na sababu, uso kupinda au mkono mmoja kulegea, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo.

Na usahaulifu wenyewe upimwe. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, sonona, hata dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, vyote vinaweza kumfanya mzee aonekane kama akili inamtoka, na vyote vina tiba. Kila mwezi anaokaa na kopo la huyu tapeli ni mwezi ambao hayo hayajaangaliwa.

Ushahidi wa kutunza: picha za kopo pande zote, zile sauti, namba ya simu, na risiti ya malipo. Pelekeni kwa mamlaka ya dawa ya nchi yenu, na ripotini ukurasa wake. Mkianza kulalamika atajifanya muungwana na kuomba mrudishe kopo "awabadilishie". Alimwomba mama mkubwa hivyo mara mbili. Msimpe. Bila kopo hakuna cha kupeleka maabara.