Poti ya plastiki yenye bakuli la kuchomoa: chombo kizuri chenye lebo inayopotosha

Poti ninayoizungumzia hapa, yaani chombo cha mtoto mdogo cha kukalia anapojisaidia, ni ile ya plastiki ngumu yenye mgongo mfupi wa kuegemea, mfuniko, na bakuli la ndani linalochomolewa, ambayo hupatikana kwa urahisi katika maduka ya vyombo Kariakoo na kwa wauzaji wengi wa bidhaa za watoto jijini Dar es Salaam. Niliinunua kwa Sh 18,000 kwa ajili ya binti yangu, na imetumika nyumbani kwa muda wa kutosha kuonyesha uzuri na upungufu wake. Ni chombo kizuri na ninakipendekeza. Kinachonilazimu kuandika kwa kirefu ni lebo yake, inayodai kwamba poti inafaa kuanzia miezi 6, kwa kuwa wazazi wengi huisoma lebo ya namna hiyo kama ratiba ya kuanza mafunzo ya kujisaidia, ilhali poti humsaidia mtoto ambaye mwili na akili yake vimekwisha kuwa tayari.

Nianze na uzuri wake. Kitako chake ni kipana na hakiyumbi hata mtoto anapojipinda kuokota kitu pembeni, na kimo chake kinamwezesha mtoto wa miaka miwili kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, magoti yakiwa juu kidogo ya nyonga. Mkao huo una faida kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu hulegeza misuli ya chini na kurahisisha haja kubwa kutoka. Mtoto anayekalishwa juu ya choo cha kukaa huku miguu ikining'inia hana pa kujikazia, na kwa wale wenye vyoo vya kuchuchumaa, wapo watoto wengi wanaoliogopa lile tundu na hawataki hata kulisogelea. Poti inayaondoa yote mawili.

Sasa, ni mtoto yupi wa kununuliwa poti? Wengi huonyesha utayari kati ya miezi 18 na miaka 3, na tofauti hiyo ya muda ni kubwa kiasi kwamba umri peke yake hauwezi kumwongoza mzazi. Dalili ya kwanza ya kuaminika ni nepi kukaa kavu kwa takriban saa mbili, au mtoto kuamka mkavu baada ya usingizi wa mchana, kwa maana kibofu kimeanza kuhifadhi mkojo badala ya kuuachia kidogo kidogo. Dalili ya pili iko usoni na katika mwenendo wake. Binti yangu alikuwa akiacha mchezo ghafla, anakwenda nyuma ya pazia la sebuleni, anashika ukingo wa kochi na kunyamaza huku uso ukimwiva, baadaye akaanza kuja akivuta nepi na kusema, "Mama, pupu." Kujificha kule kulionyesha kwamba alikuwa anaitambua haja kabla haijatoka, na kuivuta nepi kulionyesha kwamba alikuwa ameanza kuchukia kukaa nayo ikiwa chafu. Ongezea hapo uwezo wa kutembea vizuri, kukaa na kuinuka mwenyewe, kushusha kaptula yenye mpira kiunoni, na kuelewa agizo jepesi kama "chukua kiatu, ulete hapa." Dalili moja haitoshi, zinapokusanyika kadhaa, na mtoto mwenyewe akawa anawafuata wakubwa chooni kwa udadisi, hapo poti itapata kazi.

Najua kuna atakayesema kwamba bibi zetu walianza mapema zaidi, naye atakuwa anasema kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 1977 katika jarida la Pediatrics ulieleza jinsi kina mama wa Kidigo, katika pwani ya Kenya, wanavyoanza kumkojoza mtoto katika wiki zake za mwanzo, kwa kumpakata katikati ya miguu na kumtolea mlio maalumu, hata akifika miezi 5 au 6 akawa anakaa mkavu kwa kiasi kikubwa. Jarida hilohilo mwaka 1962 lilikuwa limechapisha kazi ya T. Berry Brazelton, daktari wa watoto wa Marekani, aliyefuatilia kumbukumbu za watoto 1,170 na kushauri mafunzo yafuate utayari wa mtoto. Sioni ugomvi kati ya hayo mawili. Mama wa Kidigo anakuwa amembeba mtoto karibu kutwa nzima na ndiye anayezisoma dalili; poti inamtaka mtoto azisome mwenyewe, aende, akae. Mtoto wa miezi 6, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kukaa, hawezi kufanya hivyo, na ndiyo maana naipinga lebo ile.

Zipo pia poti zinazopiga muziki kwa betri, na bei yake ni kubwa zaidi. Sizipendekezi, kwa kuwa mtoto huzoea kukaa kwa ajili ya wimbo na si kwa ajili ya haja.

Kuhusu upungufu, ukingo wa bakuli una mkunjo unaobakiza mkojo, hivyo kuosha kwa maji matupu hakutoshi. Linahitaji sabuni, brashi na kuanikwa juani. Kinyesi cha mtoto mdogo kina vimelea vya kuhara kama cha mtu mzima, kwa hiyo kimwagwe chooni, na mikono ya mtoto na ya mlezi ioshwe kila mara. Chini ya kitako hakuna mpira, na kwenye vigae vilivyolowa poti huteleza. Tandika kitambaa kizito.

Poti hii haiwezi pia kumlazimisha mtoto aliyekataa. Akianza kuikimbia, au akizuia haja hadi choo kikawa kigumu na cha maumivu, iweke kando kwa wiki kadhaa bila kumkaripia, na tatizo la choo kigumu lipelekwe kliniki kwanza. Ukavu wa usiku ni suala jingine linalochelewa, mara nyingi hadi miaka 5, wala usimnyime mtoto nepi ya usiku kwa sababu tu mchana anafanya vizuri.

Ukiwa dukani, chomoa bakuli na kulirudisha mara chache uone kama linakaa bila kucheza, kisha pitisha kidole kwenye ukingo wote wa kukalia, hasa sehemu ya mbele, kwa sababu baadhi ya poti hizi zina mabaki makali ya plastiki yanayoweza kumchuna mtoto mapajani. Ukiyahisi, omba nyingine kabla hujalipa.