Banda umiza la alfajiri, Magomeni Mtwara: shilingi mia tano za kusikiliza jukwaa

Magomeni hapa Mtwara kuna banda umiza lisilo na bango ambalo Jumapili alfajiri, mabanda mengine yote yakiwa yamefungwa na wenyewe wamelala, linaonyesha MLS, ligi ya mpira ya Marekani. Kiingilio shilingi 500, mechi za Messi 1,000. Mwambie bodaboda akupeleke "kwa mpira wa alfajiri", atakufikisha bila kuuliza mara mbili. Nimekuwa mteja wa pale tangu msimu uliopita, na kwa kuwa wanaokuja kwangu kushona wamechoka kunisikiliza, nawasimulia nyie.

Niseme mapema: kama unachofuata ni mpira mtamu tu, baki na Ligi Kuu ya Uingereza. MLS ina mabeki wanaolala na mawinga wanaopiga krosi mpaka nyuma ya goli. Mimi pale nalipia jukwaa, yaani mashabiki wa uwanjani na nyimbo zao.

Kwanza saa, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Mechi ya Jumamosi saa moja na nusu usiku kule Atlanta au Miami, kwetu ni saa nane na nusu usiku. Hiyo nawaachia walinzi na vijana wasio na kazi asubuhi. Lakini mechi za pwani yao ya magharibi, Portland, Seattle, Los Angeles, zikianza saa hiyohiyo kwao, kwetu ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wazee wanatoka msikitini wanapitiliza bandani na kanzu zao. Mapumziko yanakuta kumekucha, mama wa ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, keshatua beseni lake mlangoni, anakupimia na pilipili ya unga na chumvi kwenye karatasi. Saa moja na nusu mpira umekwisha, kila mtu anakwenda kwenye riziki yake. Kwa mwanamke hii saa ni nafuu kubwa. Nikitoka kwangu saa nne usiku kwenda kutazama mpira, mtaa mzima una la kusema. Nikitoka alfajiri wanajua nawahi kazini.

Sasa kinacholitofautisha banda hili. Mwenyewe anawasha projekta nusu saa kabla mechi haijaanza, na hapigi singeli juu ya picha. Mabanda mengi ya mjini ukiingia husikii uwanja kabisa, unasikia DJ, unasikia mtu anasoma mkeka wake, na kipindi chote kuna anayetangaza chipsi. Huyu ana spika mbili kubwa alizokuwa akikodisha kwenye ngoma za unyago, akazifunga pembeni ya turubai, na sauti ya uwanja anaiachia yote. Ngoma za jukwaani unazisikia kifuani. Nilipomuuliza sababu aliniambia, "Fundi, mpira bila jukwaa si bora nikakae nyumbani nitazame matokeo kwenye simu?" Nikamwona mtu wa maana.

Mimi ni fundi cherehani. Ndanda walipopanda Ligi Kuu mwaka 2014, bendera nyingi mlizoziona Nangwanda Sijaona zimepita mkononi mwangu, na timu iliposhuka mwaka 2020 nikabaki na majora ya kitambaa mpaka nikayageuza mapazia. Kwa hiyo ninapotazama jukwaa natazama kitambaa kwanza. Na hao Wamarekani, jamani, wanajua kitambaa. Timbers Army, mashabiki wa Portland Timbers, wana shuka zao za picha zinazopandishwa kwa kamba mbele ya jukwaa la kaskazini pale Providence Park, kubwa kiasi kwamba watu wanaozishika hawaoni zimeandikwa nini. Wanaozichora na kuziunga ni mashabiki wenyewe, kwa kujitolea, na fedha zinatoka kwenye mfuko wao wa kuuza skafu na fulana. Nilikuwa nakodoa macho kwenye mishono. Shuka kubwa namna ile ukiunga kwa mshono mmoja, upepo unaichana siku ya kwanza. Pindo lazima likunjwe mara mbili na kamba ipite ndani, na kuna asubuhi kamera ilisogea nikaona kweli kamba imepita ndani. Nilipiga makofi peke yangu, banda zima likageuka kunitazama.

Portland wana jambo jingine ambalo kwa Mtwara lina utamu wake. Wakifunga goli, kuna bwana wanamwita Timber Joey, anawasha msumeno wa injini pale pembeni ya uwanja na kukata kipande cha gogo, mviringo mzima, kisha kipande kinapitishwa kwa mashabiki na mwisho wa mechi anapewa mfungaji. Kabla yake alikuwepo mwingine, Timber Jim, aliyestaafu mwaka 2008. Ni mji wa wakata mbao tangu zamani, ndiyo asili ya jina la timu. Banda letu lina mzee mmoja mchonga vinyago, Mmakonde wa Newala, ambaye timu zote kwake ni sawa lakini gogo halimpiti. Goli likiingia yeye haangalii marudio, anaangalia msumeno. "Mti laini ule, mwanangu," aliniambia, "unaona unga wake unavyoruka? Angeweka mpingo pale, mnyororo ungekatika na mpira ungesimama." Tangu siku hiyo banda likiona goli la Portland linamgeukia mzee kwanza.

Kitu ambacho mpaka leo kinanikwaza ni kiongozi wa jukwaa. Anasimama juu ya kijukwaa chake, mgongo kwa uwanja, dakika 90 anawaimbisha wenzake. Kalipa, kaja, mpira haoni. Na nyimbo haziachi timu ikifungwa mbili, tatu. Sisi wimbo unakuja na goli, na ukimya wetu una maana yake, mchezaji akiusikia anajua amekosea. Wale wanaimba tu. Nilianza kwa kuona ni uimbaji wa ratiba, kama kwaya iliyoogopa kumkasirisha mwalimu. Sasa nimeuzoea, lakini kuuzoea si kuupenda.

Kijana anayeendesha projekta ndiye mwalimu wa banda. Intaneti ikigoma, badala ya kutuwekea filamu anatusimulia, na anajua. MLS ilianza Aprili 1996 na timu kumi, kwa sababu Marekani walipopewa Kombe la Dunia la 1994 sharti mojawapo lilikuwa waanzishe ligi ya kulipwa. Walikuwa nayo nyingine kabla, ile ya Pelé na New York Cosmos, msimu wake wa mwisho ukawa 1984. Waliporudi mara ya pili waliogopa kwamba watu wao hawatavumilia sare. Basi mechi ikiisha sare mchezaji anaanza na mpira umbali wa yadi 35, ana sekunde tano za kumkabili kipa. Saa ya uwanjani nayo ilihesabu kurudi nyuma mpaka sifuri. Vituko hivyo viliendelea mpaka msimu wa 1999 ulipokwisha. Mashabiki ndio waliokuwa mbele ya viongozi. Kule Washington, wahamiaji wa Amerika ya Kusini na wenzao walikuwa wameshaunda Barra Brava yao, na kwa kuwa jukwaa la upande wao katika uwanja wa RFK lilikuwa la kusogezwa, wakiruka lilikuwa linadunda kweli, mtu wa kwenye televisheni anaona bati linapanda na kushuka. Hata ile ngao anayopewa anayeongoza msimamo wa ligi, mashabiki ndio waliochanga ikatengenezwa.

Lakini hadithi iliyonyamazisha banda ni ya Columbus. Mwaka 2017 ikajulikana kwamba mmiliki wa Columbus Crew anataka kuihamishia timu Austin, Texas. Kule timu ni mali ya mwenye fedha, haina wanachama wenye kadi kama Simba na Yanga, akiamua kufungasha anafungasha. Mashabiki wakaanza kampeni ya kuiokoa: mabango mjini, ahadi za kununua tiketi, mikutano na wafanyabiashara. Ikaibuka sheria ya jimbo la Ohio ya mwaka 1996, iliyotungwa baada ya timu yao nyingine ya Cleveland, ya ule mpira wa Kimarekani wa kushika mkononi, kuhamishiwa Baltimore, inayomtaka mmiliki aliyefaidi fedha za umma atoe notisi ya miezi sita na kuwapa watu wa hapo nafasi ya kununua. Serikali ya jimbo ikaenda mahakamani. Mwisho wake wakapatikana wanunuzi wengine, timu ikabaki, na mwaka 2020 ikabeba ubingwa. Bandani mtu mmoja akauliza, "Na Ihefu?" Watu wakacheka kile kicheko cha kuumia. Ihefu ya Mbarali iligeuka Singida Black Stars mwaka 2024, na sijasikia aliyefungua jalada la kesi.

Hapo ndipo huwa tunagawanyika, maana MLS haina kushuka daraja. Timu ikishika mkia, mwakani inaanza na wenzake kama kawaida. Kuna wanaosema huo si mpira, ni tamasha. Mimi niliyeiona Ndanda ikishuka sina haraka ya kubeza. Shuka ya mita thelathini hushoni kwa timu usiyojua mwakani itacheza wapi. Ila kweli, mechi zao za mwisho wa msimu za timu za chini hazina presha hata kidogo, na jukwaa linajua hivyo, unasikia linaimba kwa adabu.

Kuna mechi moja ya zamani kijana wa projekta ameihifadhi na huirudia mtandao ukikata. Agosti 2019, Portland na Seattle, watani wa jadi hasa. Ligi ilikuwa imepiga marufuku bendera yenye mishale mitatu, alama ya kundi la Wajerumani waliopinga Manazi na kufutwa mwaka 1933. Basi mashabiki wa pande zote mbili wakakaa kimya dakika 33 za kwanza. Spika zile kubwa hazina kitu, unasikia kipa anaita beki wake. Dakika ya 33 ilipofika jukwaa lote likalipuka, na mama wa ming'oko akaingia mbio akidhani bati limeanguka. Mwezi uliofuata ligi ikaondoa marufuku kwa msimu ule.

Sasa kasoro, na si chache.

Mechi za Messi msiende, au nendeni mkijua. Tangu alipotua Inter Miami Julai 2023 banda likiwa na mechi yake linajaa fulana za waridi za kuchapwa, wengi hawajui hata mpinzani ni nani, akitolewa nao wanatoka. Kelele zote ni za mikeka. Raha niliyoipata katika mechi za namna hiyo ni marudio ya ile ya Agosti 2023, Dallas na Miami nne kwa nne, ambayo Bernard Kamungo, mtoto aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu kisha akahamia Abilene, Texas, alifunga. Banda lilishangilia mtu wa Kigoma hadi waridi wakatuuliza kulikoni.

Mechi za wanawake haonyeshi. Nimemwambia mwenye banda: Temwa Chawinga wa hapo Malawi, ng'ambo tu ya Ziwa Nyasa, alifunga magoli 20 msimu wa 2024 akiwa Kansas City Current, timu yenye uwanja uliojengwa mahsusi kwa ajili ya wanawake, na jukwaa lake linapiga ngoma kama la wanaume. Jibu lake ni kwamba wateja hakuna. Nikamwambia wateja tupo, tunashona.

Mabenchi ni mbao mbichi zisizopigwa randa, kanga yangu moja imeishia pale. Umeme ukikatika, katika mji huuhuu wenye gesi ya Mnazi Bay, jenereta linawashwa dirishani na moshi unaingia ndani mpaka mtu awakumbushe kulihamisha. Picha hukwama, na hukwama penalti. Kuna skafu ya Seattle imetundikwa ukutani ambayo vijana hupokezana kuvaa kwenye joto la Mtwara, wakitoa jasho kwa hiari yao, hilo siliweki kwenye kasoro, ni ugonjwa.

Choo ndicho kinachonifanya nisimlete mwanangu wa kike. Kipo kimoja, kwa wote, na mlango wake ni gunia.

Natoa nyota tatu kati ya tano. Nendeni mechi za Portland au LAFC ya Los Angeles, fikeni saa kumi na moja kamili mpate benchi la mbele kushoto, lile halina vibanzi, na mwendee mama wa ming'oko kabla ya mapumziko maana huisha. Mwenye banda, nakujua unasoma: weka mlango wa bati chooni, nyota ya nne nakuongezea siku hiyohiyo, na pazia la dirishani nakushonea bure.