Mizani ya jikoni ya dijitali, mwezi wa kwanza

Jamani hii mizani nlonunua hapa Malindi mjini imeniokoa. Mi naoka keki za oda na resipe nyingi nazitoa kwa Wamarekani, wao siagi wanapima kwa kikombe, sasa siagi ngumu ya friji utaijazaje kikombe bila kuacha mapengo? Na joto la huku ukiiacha mezani kidogo tu ishalainika, ukiishindilia inaingia nyingi kuliko juzi, keki moja inatoka kavu nyengine inachuruzika mafuta, mteja analalamika na ana haki. Kumbe kikombe chao kimoja ni gramu 227, nusu kikombe 113, kijiko kikubwa kama 14 hivi. Naweka bakuli, nabonyeza inarudi sifuri, naongeza siagi mpaka namba ifike. Au pakiti ya gramu 250 natoa kipande cha 23 nakirudisha friji, nshapata kikombe. Tena hata ukiiyeyusha uzito ni ule ule, ndo raha yake wallahi. Ila inajizima haraka ukichelewa kukata, yakera kweli. Betri bado ni ile ilokuja nayo.