The Tall Target (1951): nilijua Lincoln atafika salama, bado nikashindwa kutulia

Hii ni filamu iliyojitafutia kazi ngumu. Kabla hata hujabonyeza kitufe unajua kwamba Abraham Lincoln hakuuawa Februari 1861. Aliapishwa kuwa rais wa Marekani Machi mwaka huohuo, akaongoza nchi ikiwa vitani, akaja kupigwa risasi ndani ya ukumbi wa maigizo Washington Aprili 1865. Sasa inakuja filamu ya dakika 78 inayotaka roho ikuruke kwa njama ya kumuua Baltimore akiwa njiani kwenda kuapishwa, wakati historia imeshakwambia njama yenyewe haikufua dafu. Diski niliipata ya mtumba, bei ya kutupa, nikaiweka kwa nia ya kuitazama kwa jicho moja huku nakunja nguo. Nguo zililala kwenye kapu.

Stelingi ni Dick Powell, yule aliyekuwa akiimba kwenye filamu za muziki miaka ya 1930 kabla hajahamia kwenye majukumu ya wanaume wagumu. Hapa ni sajini wa polisi wa New York anayeitwa John Kennedy. Ndiyo, jina hilohilo, miaka 12 kabla Rais John Kennedy hajapigwa risasi Dallas, na humo ndani kuna bunduki yenye darubini. Mtazamaji wa leo anasisimka mahali ambapo watengenezaji wenyewe hawakuwa na habari. Sajini amenusa njama, wakubwa zake wamempuuza, basi anaacha kazi na kudandia treni ya usiku iendayo Baltimore. Rafiki aliyepaswa kumpokea behewani haonekani. Kwenye kiti chake amekaa mtu asiyemfahamu, amevaa koti lake, tiketi anayo, na anamwambia kondakta kwamba John Kennedy ni yeye.

Kuanzia hapo niliacha kumuwaza Lincoln. Nilichotaka kujua ni huyu mwanamume asiye na kitambulisho wala silaha atamshawishi vipi mtu yeyote ndani ya behewa lile, na kati ya wale abiria wastaarabu wanaomchekea ni yupi wa kuogopwa. Mwongozaji Anthony Mann anabana kila kitu: vichochoro vyembamba vya treni, taa za mafuta zinazoacha nusu ya uso gizani, vichwa vimegusana kwa minong'ono. Kuna ugomvi mmoja nje, treni imesimama, mvuke unafuka kila upande hadi huoni nani kamshika nani. Picha ni nyeusi na nyeupe, na ingekuwa ya rangi ingeharibika.

Halafu sauti. Nilifika karibu katikati ndipo nikashtuka kwamba hakuna muziki wa kukutayarisha kwa hatari. Hamna vinanda vya kupanda pale adui anapotokea. Kuna magurudumu, kengele, filimbi, mvuke, basi. Kama umelelewa na filamu ambazo ngoma inakuashiria lini uogope, kama mimi, utahisi umeachwa peke yako. Treni ikisimama, ukimya wenyewe unatisha kuliko ngumi.

Lakini aliyenibakia kichwani ni Ruby Dee. Wakati huo alikuwa bado kijana, na jukumu lake si refu: ni Rachel, mtumwa anayesafiri na mabwana zake, kaka na dada kutoka Kusini mwa Marekani. Kila mtu humo anabishana juu ya utumwa, yupo hadi mama mmoja mwandishi, mpinga utumwa, anayeongea bila kuvuta pumzi, ilhali mwenye habari kamili kakaa kimya na mizigo. Yule dada anayemtumikia anapomwonyesha kwamba uhuru angeweza kumpa, Rachel anamjibu, tena kwa sauti ya chini, kwamba uhuru si kitu cha mtu kumpa mwenziwe. Alitakiwa azaliwe nao. Niliirudisha nyuma nikaisikiliza tena. Hollywood ya 1951 kumpa mwigizaji mweusi maneno hayo, bila kumfanya alie wala kuchekesha, si jambo dogo.

Kwa upande wa ukweli, msiichukue kama somo la historia. Kulikuwa kweli na John Kennedy, ila alikuwa mkuu wa polisi wa New York, si sajini. Aliyemsindikiza Lincoln ni mpelelezi binafsi Allan Pinkerton na watu wake, akiwemo Kate Warne, mpelelezi mwanamke aliyekata nafasi za kulala kwa kisingizio cha ndugu mgonjwa. Kisingizio hicho filamu imekitumia, na vizuri sana. Wanahistoria mpaka leo wanabishana njama ilikuwa nzito kiasi gani, na magazeti ya wakati ule yalimcheka Lincoln kwa kuingia mji mkuu kwa kunyatia.

Kitu kimoja ambacho wengi watadhani kimebuniwa ni cha kweli: injini hazikuruhusiwa kukatiza katikati ya Baltimore, kwa hiyo mabehewa yalivutwa na farasi kutoka stesheni ya President Street hadi Camden. Mimi naishi Maryland, jimbo lenye mji huo, na Pratt Street, barabara waliyopita farasi hao, napita mara kwa mara, jengo la mbele la stesheni ya President Street bado lipo. Kufikiria rais mteule amejilaza kwenye behewa saa tisa na nusu usiku, farasi wanakokota taratibu, hapo ndipo utaelewa kwa nini mtu aliogopa.

Kasoro zipo. Yule kijana wa Kusini ni mkavu, na njama ikishafichuka maelezo yanakuja kwa kasi mno, ukienda kuchukua maji umepotea. Adolphe Menjou, anayeigiza mmoja wa abiria, kwa upande mwingine ana heshima za kukutia shaka tangu salamu ya kwanza. Wengine wataona ni mapema mno, mimi nilifurahia.

Diski yangu haina maandishi chini ya picha wala mahojiano yoyote, na Kiingereza cha watu wa treni kinakwenda mbio, kwa hiyo ongeza sauti. Picha yenyewe ni safi, weusi ni weusi kweli. Mlio Ulaya au nyumbani, ulizeni kwanza kama deki yenu inasoma diski za Marekani kabla hamjalipia usafirishaji.