Lola Montez ya 1922: diski iliyomkimbiza mcheza dansi wa mfalme

Nimenunua diski ya Lola Montez, die Tänzerin des Königs (yaani mcheza dansi wa mfalme), filamu bubu ya Kijerumani aliyoiongoza Willi Wolff, mkewe Ellen Richter akiwa ndiye Lola. Nimekasirika, na kinachonikasirisha zaidi ni kasi.

Waliotengeneza nakala hii wamechukua picha zilizopigwa kwa kamera ya kuzungushwa kwa mkono, wakaziendesha fremu (picha moja moja za filamu) 24 kwa sekunde kama filamu yenye sauti. Kwa macho yangu, mwendo wake wa haki ni kama fremu 18. Mita 1,000 za filamu ya milimita 35 zina fremu zipatazo 52,500: kwa fremu 18 unapata dakika 48 na nusu, kwa 24 unapata 36 na nusu. Robo ya muda imeliwa!

Na imeliwa kwa nani? Kwa mcheza dansi! Lola wa kweli ni mwanamke ambaye Mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, alimpa cheo cha kikabaila, ukaunti wa Landsfeld, mwaka 1847, na ghasia zilizomzunguka zikachangia mfalme kuachia kiti Machi 1848. Kwenye diski hii anarukaruka kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Mtazamaji ataelewaje mfalme alipagawa na nini?

Nikamwandikia muuzaji. Akajibu, "Sinema za zamani ndivyo zilivyo, ndugu." Hapana, sivyo zilivyo! Huko ni kuwatukana waliozitengeneza.

Wala si kasi tu. Rangi zimefutwa. Wakati ule matukio mengi ya usiku yalipigwa mchana, kisha nakala ikatiwa rangi ya buluu. Ukiiacha kijivu, watu wanapenyapenya gizani huku jua linawaka. Tena ukingo wa kushoto umekatwa, kama sehemu moja ya kumi, palipo na njia ya sauti kwenye filamu za baadaye. Anayesimama upande huo anabaki nusu uso.

Nilikuwa nimeshaamua kusema msinunue. Halafu nikaifungua kwa VLC, programu ya kuchezea video, kwenye kompyuta, nikashusha kasi hadi 0.75 (nakala ya fremu 25 iwekeni 0.72), nikazima sauti kwa kuwa muziki wa piano uliowekwa kwenye diski unavutika vibaya. Jamani! Richter akatulia. Mabega yanaanza, mkono unafuata, na lile jicho la pembeni ambalo kwenye mwendo wa mbio hata halionekani. Vibao vya maandishi vinakawia kidogo, vumilieni.

Kwa hiyo sijui niseme nini. Kwa runinga ya kawaida isiyoweza kushusha kasi, msitupe pesa. Mwenye kompyuta achukue, Richter anastahili, ila kwanza aulize nakala ni ya fremu ngapi kwa sekunde na kama ina rangi. Muuzaji akishindwa kujibu hayo mawili, ondokeni. Yangu sirudishi, lakini kwake yule sinunui tena.