Kwant kwa anayehesabu pete na nukta za kwanta

Kama unashughulika na pete ndogo ambayo elektroni zake hazisukumani, usijichoshe kuandika programu yako toka mwanzo. Kwant ni programu ya kukokotoa mwenendo wa elektroni katika vifaa vidogo mno; ni ya bure, chanzo chake kiko wazi, inatumika ndani ya Python, na makala ya kuitambulisha yalichapishwa mwaka 2014.

Mimi niliitaka kwa ajili ya mkondo wa kudumu, ule unaozunguka kwenye pete ya metali ya kawaida bila betri, eti kwa kuwa tu flaksi ya sumaku (kiasi cha uga wa sumaku unaopenya) imepita katikati. Wanafizikia Büttiker, Imry na Landauer waliutabiri mwaka 1983. Kuupima ni kazi nzito: mwaka 1990 Lévy na wenzake walitumia pete milioni 10 za shaba ili ishara yake ionekane. Kwenye kompyuta inatosha pete moja.

Unapanga vituo (sehemu ambazo elektroni inaweza kukaa), unaunganisha jirani na jirani, flaksi unaiweka kama fezi (pembe inayosogeza wimbi la elektroni) kwenye kiungo kimoja tu. Chora kwa kwant.plot kabla ya lolote, maana kile kiungo kinachorudi kituo cha kwanza kikisahaulika, ulichonacho ni waya. Kisha hamiltonian_submatrix inakupa matriksi, nawe unatafuta viwango vya nishati huku flaksi ikipanda hadi h/e moja (h ni kigezo cha Planck, e ni chaji ya elektroni). Mteremko wa nishati ya jumla dhidi ya flaksi, ukigeuzwa alama, ndio mkondo. Hatua hiyo unaiandika mwenyewe, ni mistari michache. Ninachokipenda zaidi ni kwant.operator.Current: inakupa mkondo wa kila kiungo kutoka kwenye kitendakazi cha wimbi la elektroni, na majibu ya njia mbili yasipolingana unajua umekosea alama mahali.

Nukta ya kwanta, yaani kisanduku kidogo mno kinachonasa elektroni, hapa ni kituo kimoja chenye nishati yake. Iweke ndani ya pete, na mkondo unapanda pale kiwango chake kinapokaribia nishati ya Fermi (ya elektroni za juu kabisa kwenye pete). Ining'inize pembeni, na mara nyingi ni papo hapo inapoukaba. Ongeza elektroni moja (ukipuuza spini) mkondo unageuka upande. Haya yote unayaona kwa kubadilisha kigezo kimoja, na laptopu ya kawaida haitoki jasho.

Ila msukumano wa elektroni ndani ya nukta haumo. Swali tamu la wanafizikia Affleck na Simon la mwaka 2001, kwamba mkondo unategemea wingu la Kondo (elektroni zinazoizunguka nukta na kuificha spini yake) ni refu kiasi gani ukilinganisha na mzingo wa pete, hulijibu hapa. Tafuta zana za DMRG, mbinu ya kukokotoa elektroni zinazosukumana. Waundaji hawajaficha hilo, Kwant ilitengenezwa kwa elektroni zisizosukumana.

Mafunzo yake yana mfano wa pete ya Aharonov-Bohm na wa nukta iliyofungwa. Anza na huo wa pete, lakini una nyaya mbili za kutoka nje: zifute kwanza.